Mkaja Mmoja, Viuno Vitatu

Haya, sogeeni. Aliye mlangoni aingie, aliyeingia akae, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, maana hadithi ya leo nitaifikisha mahali halafu niwaachie nyinyi. Mimi imenishinda. Nimeisimulia misibani, nimeisimulia harusini, na kila mara watu wameondoka wakibishana mpaka njia zinapoachana.

Walikuwepo wanawake watatu. Wa kwanza alikuwa na vidole. Nasema vidole vinavyoona: akikushika mkono uliovunjika alijua mfupa umekatika wapi na umelalia upande gani, hata kabla hujamaliza kulia. Huyo ni Bibi Pelagia, mwunga mifupa wa kijiji cha Kisosa, huko milimani. Wa pili alikuwa na mabega. Huyo ni Sabina, mwanamke aliyeweza kupandisha gunia la ndizi mlimani bila kulitua, akafika juu bado anapiga soga na wenzake. Wa tatu alikuwa na roho ngumu. Msicheke, hiyo nayo ni karama, mtaona. Huyo alikuwa mtu wa tambarare, mbali kabisa na milima, na watu walimwita Mama Shomari.

Watatu hao walikutana kwenye paja moja, paja la mtoto wa miaka minne aliyeitwa Skolastika. Hakuna kati yao aliyemzaa.

Nianze na siku ya harusi ya Skola, miaka ishirini baadaye, kwa sababu ndiyo siku mambo yalipokuwa mazito. Skola alikuwa ameketi chumbani, amefunikwa kanga, na mapajani mwake kuna kitambaa kipya cheupe kilichokunjwa vizuri. Kilikuwa ni mkaja.

Kwa wasioujua: mwanamke akijifungua hufungwa tumbo kwa kitambaa ili lirudi mahali pake, na kitambaa hicho ndicho mkaja. Binti yake akija kuolewa, upande wa mume huleta mkaja mpya, kama kumwambia mama, tumelikumbuka tumbo lako. Kule Kisosa bibi harusi mwenyewe hupiga magoti akamfunga mama yake kiunoni mbele ya watu, na mama aliyefungwa ndiye humfungulia binti mlango. Asipofungwa mtu, binti hatoki, hata kama nje wamejaa wageni na ngoma imeshapata moto.

Sasa mama yake Skola, Leokadia, alikuwa kaburini tangu mtoto ana miaka minne.

"Nimfunge nani?" Skola alimuuliza kungwi wake.

"Aliyekusimamisha badala ya mama," kungwi akajibu. "Ndivyo tulivyokuta."

"Walionisimamisha ni watatu."

"Mkaja ni mmoja, mwanangu."

"Tuuchane basi."

"Ukichanwa ni tambara. Utamfunga mtu tambara siku ya harusi yako?"

Skola akazipapasa pindo za kitambaa. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyemlea, na kama angekuwa hai pasingekuwa na maneno. Lakini bibi alishatangulia mwaka uliopita, na kabla hajafa alimshika Skola mkono akamwambia, "Mkaja wako usinihesabie mimi. Mimi nililetewa mtoto aliyekwisha kusimama. Watafute waliokusimamisha." Skola aliwatafuta, akawapata wote, wakaja wote. Walikuwa wameketi palepale chumbani, kila mmoja kwenye mkeka wake, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Turudi nyuma, tuwaone mmoja mmoja.

Ilikuwa masika, mvua ya siku ya tatu bila kukatika. Nyumba za Kisosa hujengwa kwa kuchimbwa ubavuni mwa mlima, na ukuta wa nyuma hubeba udongo wote wa juu. Asubuhi ile Leokadia alikuwa anakoroga uji. Mumewe, Teofili, alikuwa shambani akipitisha maji pembeni ya mihogo, kumbe maji yaliyokuwa na hila yalikuwa nyuma ya nyumba yake. Leokadia alisikia ukuta ukiguna. Hakukimbia. Alimsukuma mtoto kwanza kuelekea mlangoni, na ule muda wa kumsukuma ndio uliokuwa muda wake wa kutoka.

Skola alifika mlangoni mwili wote isipokuwa mguu mmoja.

Watu walichimbua kwa majembe na kwa kucha. Mama walimtoa, amekwisha kufa. Mtoto walimtoa yu hai, analia, na paja lake la kulia limekunjika mahali pasipo na goti. Hapo hakuna aliyeuliza la kufanya. Mifupa Kisosa ilikuwa na mwenyewe, wakamwita Bibi Pelagia.

Bibi Pelagia akaja na chupa yake ya mafuta na mianzi yake iliyochongwa. Kawaida yake ilijulikana: angepaka mafuta, angevuta, angekanda mpaka mfupa ukae, kisha angefunga kwa mianzi na kukaza sana ili mfupa usitoroke. Mikono aliiponya hivyo, na miundi aliiponya hivyo. Watu waliokuwa wamevunjika utotoni walikuwa wanapanda minazi na kumtania kwamba amewaunga kwa gundi.

Alimimina mafuta kiganjani, akaweka vidole juu ya paja la mtoto. Paja lilikuwa linavimba mkononi mwake. Watu wakangoja. Mwisho akafuta mafuta kwenye kanga yake.

"Hili siliwezi," akasema.

"Bibi, mbona unatutisha? Umeunga mangapi?"

"Mapaja nimeunga moja tu." Akaiziba chupa ya mafuta. "Ditriki."

Kila mtu alimjua Ditriki. Alikuwa mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa binti yake wa pekee, aliyeanguka kutoka mtini miaka minane kabla akiwa na miaka sita. Alifungwa mianzi, siku ya tatu vidole vya mguu vikawa vyeusi, akapelekwa hospitali, mguu ukakatwa, na mtoto hakurudi. Kijiji kizima kiliamini Ditriki alirogwa. Kuna jirani aliyehama kwa sababu ya maneno hayo.

"Ditriki hakurogwa," Bibi Pelagia akasema, na binti yake alikuwa amesimama palepale kwenye mvua. "Nilimkaza mimi. Paja huvimba kwa ndani, na mimi nilikaza juu ya uvimbe. Nilijua siku ileile vidole vilipopoa, nikaogopa kusema. Huyu simkandi, simvuti, wala simkazi. Huyu ni wa hospitali."

Kisha akafanya kazi ambayo haikuwa kazi yake ya kawaida. Alikunja kanga akaiweka katikati ya mapaja ya mtoto, akaulaza mguu mbovu ubavuni mwa mguu mzima, akaegesha ubao uliotoka kwenye mlango uliovunjika, akafunga miguu yote miwili pamoja kwa vitambaa vipana. Kila fundo alipitisha vidole viwili chini yake kuhakikisha vinapita. "Mtazame vidole vya miguu njia nzima," akaagiza. "Vikipoa au vikigeuka rangi, legezeni hapohapo, msingoje kufika."

Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea tena mfupa. Wakasema mikono yake imepoa, wengine wakasema maneno mabaya zaidi. Lakini hilo angelivumilia. Binti yake aliondoka kwenye mvua ile bila kusema neno, na hakusema naye neno tena. Miaka ishirini, nyumba zao zinatazamana, wanachota maji bomba moja.

Huyo ni wa kwanza.

Kutoka Kisosa mpaka barabara yapitapo magari ni mwendo wa saa tano kwa mguu, na siku hiyo njia ilikuwa utelezi mtupu. Machela ya fito ilisukwa haraka. Machela inataka watu wanne, na wanaume wengi walikuwa bado wanachimbua, kwa sababu nyumba ya Teofili haikuwa peke yake. Walipatikana vijana watatu. Teofili alikuwa amekaa kando ya mkewe, amemshika mguu, hasikii anachoambiwa.

"Ncha ya nne naichukua mimi," akasema Sabina, dada yake Teofili.

Alikuwa na mimba ya miezi minne. Hakuna aliyejua isipokuwa mumewe, ambaye hakuwepo, na nesi wa zahanati, ambaye alimwambia asibebe hata ndoo ya maji. Walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka tisa wakingoja. Mimba mbili zilishatoka. Hii ya tatu walikuwa wanaificha kama watu wanaoficha moto kwenye upepo, hata nepi hawakuthubutu kununua.

Nimewahi kumuuliza mtu anayemjua Sabina, kwa nini hakusema? Akanijibu kwamba angesema, wangemketisha, na machela ingekaa inangoja mtu wa nne mpaka jioni. Sabina alikuwa ametazama lile paja na akaona halingojei jioni.

Alibeba saa tano. Hakubadilisha bega, maana ukibadilisha bega machela inatikisika, na ikitikisika mtoto alilia kilio ambacho hata vijana wale kiliwatoa machozi. Kila walipofika mahali pa tambarare alipeleka mkono nyuma akagusa vidole vya miguu vya mtoto. Vilikuwa vya moto. Mara mbili aliona vinapoa, mara mbili wakasimama wakalegeza. Saa ya nne alihisi maumivu chini ya kitovu, akauma meno. Kwenye kivuko cha mto alihisi kitu cha moto kinamtiririka mguuni, na kwa kuwa maji yalimfika kiunoni, hakuna aliyeona.

Pale barabarani walipata gari la kubeba mbao. Hospitalini walipelekwa wawili: mtoto wodi ya watoto, Sabina wodi ya wanawake. Siku ya pili mumewe alifika akamkuta ameukabili ukuta.

"Mtoto vipi?" Sabina akamuuliza.

Mume hakujua anaulizwa mtoto yupi. "Wa kaka yako yu hai," akasema.

Hakushika mimba tena. Mumewe, niseme haki, hakumwacha wala hakumlaumu, ila alipenda sana watoto, na mpaka leo mtoto wa mtu akipita karibu naye yeye hutazama pembeni.

Huyo ni wa pili.

Sasa hospitali. Daktari alipiga picha, akaona mfupa wa paja umekatika katikati na vipande vimepandiana. Akampongeza aliyefunga ule mguu, bila kumjua. Kisha wakamfanyia Skola kile wanachofanyiwa watoto wa umri ule. Mguu ulibandikwa plasta za kunata, ukafungwa kamba, kamba ikapita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda, na kwenye ncha ya kamba ukaning'inizwa mfuko wa mawe. Upande wa miguuni kitanda kiliinuliwa kwa matofali.

"Misuli ya paja ina nguvu," nesi alieleza. "Ikiachwa inauvuta mfupa upandiane. Mawe yanavuta huku ili mfupa ulale sawa. Wiki tatu. Asiyaguse mtu."

Lakini alimweleza nani? Mtoto alikuwa peke yake. Mama yake alikuwa anazikwa, baba yake alikuwa anazika, shangazi yake alikuwa wodi ya pili amelala. Aliyesikia maneno ya nesi ni mwanamke wa kitanda cha jirani, Mama Shomari, na aliyasikia kwa uchungu, maana maneno hayohayo alikwisha kuambiwa yeye.

Mwanawe Shomari, wa miaka sita, alikuwa ameanguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavunjika paja lilelile. Naye aliwekewa mawe. Na kila Shomari alipolia, "Mama, nitolee," Mama Shomari alitazama kama nesi amegeuka, akauinua mfuko akauweka kitandani. Mtoto alitabasamu, akalala. Nani kati yenu asingefanya hivyo? Alidhani anamwibia mwanawe raha kidogo. Kila siku raha kidogo, na kila siku mfupa ulirudi kupandiana, mpaka ukashika ulivyo. Picha ya mwisho daktari aliitazama akashusha pumzi. Mguu umeunga kwa kupinda, na ni mfupi kwa upana wa vidole vitatu.

Shomari aliruhusiwa siku ya tatu tangu Skola aletwe. Bibi yake alikuja kuwachukua. Mama Shomari alikwisha kufunga mizigo, akamtazama yule mtoto wa jirani anayelia bila mtu, akafungua mizigo.

"Tangulieni," akamwambia mwanawe. "Nakuja keshokutwa."

Alikaa wiki saba.

Alimlisha Skola, alimwogesha kwa kitambaa, alimpa choo palepale kitandani, na mawe hakuyagusa. Skola alilia, "Nitolee mawe." Akajibu, "Hapana." Skola alimwita mbaya, alimwita mchawi, alimtemea uji, alimng'ata mkono mpaka alama ikabaki. Akajibu hapana. Wodi nzima ilimchukia. Akina mama wengine walinong'ona kwamba hana huruma kwa sababu si wake.

Siku ya kumi Teofili alifika, amenyolewa kichwa kwa msiba. Mama Shomari alikuwa nje anafua. Teofili alimwona mwanawe amefungiwa mawe kama mtego, akaona machozi, akauinua mfuko akauweka kitandani. Skola akanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu ukuta uanguke, akacheka.

Mama Shomari akaingia.

"Baba, rudisha."

"Mama, huyu ameondokewa na mama yake. Mwache hata apumzike kidogo."

"Rudisha."

Teofili hakurudisha. Mama Shomari akauchukua mfuko mwenyewe, akaushusha taratibu mpaka kamba ikakaza, na Skola akapiga ukelele wa kuitikisa wodi.

"Ungekuwa mama yake," Teofili akasema, "usingeweza kufanya hivi."

"Kweli," akajibu Mama Shomari. "Ningekuwa mama yake nisingeweza."

Akatoka nje akamalizia kufua. Watu walimwona anafua nguo moja muda mrefu.

Baada ya wiki tatu mawe yaliondolewa, Skola akafungwa plasta ngumu kuanzia tumboni mpaka kwenye vidole, na kijiti katikati ya miguu. Wiki nne nyingine. Mama Shomari alimgeuza kila baada ya muda, akakinga mkojo kwa nailoni usiloweshe plasta, na plasta ilipowasha na mtoto akaomba kijiti cha kujikunia ndani, akakataa pia, asije akajichubua. Picha ya mwisho daktari aliiinua kwenye mwanga na kumwita nesi aje aone. Mfupa ulikuwa umelala sawa.

Siku plasta inakatwa, Teofili alikuja kumchukua mwanawe. Skola alimkumbatia baba shingoni, akaondoka bila kumtazama yule mwanamke.

Mama Shomari alirudi kwao. Shomari alimpokea mzigo, akanyamaza. Alinyamaza miaka. Alipofika miaka kumi, siku moja watoto wenzake walipomcheka jinsi anavyokimbia, alimfuata mama yake jikoni akauliza, "Yule mtoto wa hospitali ulimkatalia. Mimi kwa nini hukunikatalia?"

Mama Shomari aliinamia moto akaupuliza, ingawa ulikuwa unawaka.

Huyo ni wa tatu. Na sasa turudi chumbani.

Nje ngoma ilikuwa inaita. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na watu wa bwana harusi walikwisha kutuma mtu mara mbili kuuliza kulikoni. Kungwi akasema, "Semeni wenyewe, akina mama, mtoto asije akachelewa."

Bibi Pelagia alisema kwanza, kwa ukubwa wake. Macho yalikuwa yameanza kufunga, vidole vimekunjamana. "Mimi sitaki kitambaa kwa ajili ya kitambaa, mjukuu wangu," akasema. "Nyumba ya binti yangu iko njiani, mtapita mbele yake. Akiniona nimefungwa mkaja, ataona kwamba ukweli wangu ulimponya mtu. Labda atatoka mlangoni. Sina siku nyingi za kungoja atoke."

Sabina alijaribu kucheka, kama kawaida yake. "Mimi mabega yangu mnayajua, hayataki sifa," akasema. Kisha kicheko kikamkatikia. "Lakini mkaja ni wa tumbo, Skola. Na langu halikuwahi kufungwa. Nilikupa zamu ya mtu mwingine. Leo nikikosa, sitakuwa na siku nyingine, kwa sababu sina binti wa kumngojea."

Mama Shomari hakusema. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaisugua ile alama ya meno kwenye mkono. Kungwi akamsihi. Akatikisa kichwa. Hapo pazia likasogezwa, akaingia mwanamume anayechechemea, mguu mmoja umepinda nje. Wanaume hawaingii chumba hicho, lakini hakuna aliyemzuia.

"Mama hataomba," akasema Shomari. "Naomba mimi. Nimekuja kumwona huyu bibi harusi akitembea, nimemwona. Ule mguu ulinyooshwa kwa kosa la mguu wangu. Mama alijifunza kwangu, akakutibu wewe. Nimemkasirikia miaka ishirini. Ukimfunga mkaja mbele ya watu, nami nitajua kwamba kilichopotea kwangu kilifika mahali. Usipomfunga, sitakulaumu. Lakini sijui nitarudi naye vipi nyumbani."

Teofili alikuwa mlangoni, na alipouona mguu wa yule kijana, na kukumbuka maneno aliyomwambia mama yake wodini, alijifunika uso kwa viganja viwili.

Skola aliwatazama. Bila vidole vya Bibi Pelagia, paja lingekandwa na kukazwa, na leo pasingekuwa na mguu wa kuzungumzia. Bila mabega ya Sabina, mguu uliofungwa vizuri ungebaki mlimani. Bila roho ya Mama Shomari, mguu uliofikishwa ungeunga kwa kupinda kama wa kijana huyu. Alijaribu kumwita mama yake kichwani ili amuulize. Na hapo ndipo alipoumia kuliko siku zote, kwa sababu uso wa Leokadia haukuja. Uso wa kwanza anaoukumbuka Skola duniani si wa aliyemzaa. Ni wa mwanamke anayesema hapana, na nyuma yake mfuko wa mawe.

Akasimama. Akaukunjua mkaja, mrefu, mweupe, unaotosha kiuno kimoja. Akapiga magoti, na goti la mguu ule ndilo lililotangulia kugusa mkeka, halikusita wala halikuuma. Wanawake watatu walisimama mbele yake, na kila mmoja alijitahidi kutazama pembeni.

Mnachotaka kuniuliza nakijua. Ndiyo, alimfunga mtu, kwa sababu kabla jua halijazama mlango ulifunguliwa na akaolewa. Ila mimi sitawaambia alimfunga nani, kwa kuwa kila niliposema, nusu ya waliokaa walinichukia kwa ajili ya wale wawili waliobaki viuno vitupu.

Basi chukueni nyinyi. Wewe uliyekaa karibu na mlango, na wewe unayejifanya unasinzia: umepiga magoti, ngoma inakuita, na mkononi una kitambaa kimoja kisichochanika. Je, ungemfunga nani? Na ukishafunga fundo, ungewatazamaje wale wengine wawili usoni?